Ufuo wa Bi Somoe

Katika kichochoro chetu cha Kunduchi, nyuma ya soko la samaki, ni wanawake wachache waliozikwa katika miaka hii bila kupita mikononi mwa Bi Somoe binti Mwinjuma. Alikuwa mwosha maiti. Kazi aliipokea kwa mama yake, na mama yake aliipokea kwa shangazi yake, na hakuna hata mmoja wao aliyeandikiwa mshahara. Mtu akifiwa na mke, mama au binti, alikwenda kugonga mlango wa Bi Somoe kabla hajakwenda kununua sanda. Naye alikuja, mfupi, mkavu, kanga mbili mwilini na kikapu mkononi. Ndani ya kikapu mlikuwa na majani ya mkunazi, karafuu maiti, pamba, na vifuko vyake.

Vifuko hivyo ni lazima nivieleze, kwa sababu ndivyo vilivyoleta haya yote. Mwosha hamsafishi maiti sehemu za siri kwa mkono mtupu. Bi Somoe alishona, kwa mabaki ya bafta, kile kitambaa cheupe cha sanda, vifuko vidogo vya kuvaa mkononi, akavifunga kwa uzi kwenye kifundo. Pindo alilipiga mara mbili ili lisifumuke katikati ya kazi. Kila maiti alikuwa na vifuko vyake, na vikishatumika havikufuliwa wala kurudiwa.

Mama yake alimfundisha mambo mawili. La kwanza, alichokiona juu ya mwili wa maiti, kiwe alama, kidonda au kasoro, kisitoke mdomoni mwake mpaka naye aingie kaburini. La pili, kitu kilichomgusa maiti kisitupwe mahali kitakapokanyagwa, au kuvutwa na mbwa, au kuokotwa na mwenye nia mbaya. Ndiyo maana ulichimbwa ufuo, yaani kile kishimo kirefu chini ya kitanda cha kuoshea. Maji yote yaliingia humo, vifuko na pamba vikaingia humo, kisha udongo ukarudishwa na kushindiliwa. Nyumba za zamani zilikuwa na sakafu ya udongo, kwa hiyo ufuo ulichimbwa chumbani kwa marehemu mwenyewe, na juu yake wajukuu wakaendelea kulala bila hofu.

Mambo hayo mawili Bi Somoe aliyashika bila kuyachambua. Alikuwa mnyamavu kiasi kwamba watoto walimwogopa. Wakubwa walimheshimu, ila hawakupenda kukaa naye karibu sana. Kunyamaza kulikuwa heshima yake kwa muda mrefu, na baadaye kukawa kosa lake.

Kisha likaja bomba la majitaka.

Kabla ya hapo kila nyumba ilikuwa na shimo lake la choo, na tusijidanganye kwamba tuliishi kwa usafi. Masika yalipochachamaa, wapo waliotoboa mashimo yao yatapike kwenye maji ya mvua, uchafu upite mlangoni kwa jirani na kwenda zake, na asubuhi wakamsalimu jirani huyo huyo wakiwa wameshika mswaki. Kwa hiyo mradi ulipokuja hakuna aliyeukataa.

Mkutano ulifanyika barazani kwa Mzee Sadallah, mwenye nyumba ya mwisho kwenye mteremko, ambaye alichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya bomba. Masharti tulisomewa na afisa mmoja wa mradi, dada aitwaye Felicitas, aliyevaa mabuti ya mpira yenye tope la mtaa mwingine. Hayakuwa masharti magumu. Bomba linalotoka chooni kwako hadi kwenye chemba ya kichochoro ni lako: ulitunze, ulizibue, likivuja usimsubiri mtu. Bomba la kichochoro ni la wote waliojiunga. Maji ya mvua yanayotoka kwenye bati hayaingizwi humo. Mchanga, mafuta ya kukaangia, pamba, vitambaa na pampasi havitupwi humo. Mfuniko wa chemba haufunguliwi na mtu yeyote ila kamati. Na kwa kuwa chini ya ardhi yetu ni jiwe, bomba limepita juujuu, kwa hiyo mtu asichimbe uani kabla hajauliza linapita wapi.

"Sisemi msingi wa nyumba tu," alisema Felicitas. "Hata kitalu cha mchicha, uliza kwanza."

Watu walicheka. Waliuliza habari za maji ya kufulia, za wapangaji, za atakayemwita fundi. Hakuna aliyeuliza ufuo utachimbwa wapi. Kwetu mtu hataji kifo kwenye mkutano wa choo. Bi Somoe alikuwa amekaa nyuma, karibu na mlango, na katika wote waliokuwepo ndiye aliyepaswa kuuliza. Swali lilimjia, mwenyewe alisema hivyo baadaye. Aliona aibu, akaondoka nalo. Wengi watamhurumia hapo. Mimi naiita aibu hiyo kwa jina lake: ilikuwa woga, na gharama ya woga huo ilikuja kulipwa na mtu mwingine.

Haukupita muda, akafariki bibi mmoja wa nyumba za juu. Vijana walichimba ufuo uani, maana ndani kote ni vigae, na hakuna aliyekumbuka kuuliza. Sururu ikatoboa bomba. Maiti alikuwa tayari juu ya kitanda, amefunikwa, na chini yake uchafu wa nyumba za jirani ukaanza kupanda kutoka ardhini. Ilibidi kitanda kihamishwe na marehemu asubiri. Wanawe walilia upya, na kilio hicho cha pili hakikuwa cha msiba. Tangu siku hiyo watu walikubaliana, bila mkutano wowote, kwamba hakuna kuchimba tena. Imamu alipoulizwa alijibu kwamba ufuo ni desturi, si nguzo ya dini. Maji yakienda kwa sitara yanatosha. Maiti wakawa wanaoshewa bafuni na maji yanakwenda na bomba.

Maji yakapata njia, lakini vifuko havikupata.

Zilikuwepo njia. Bi Somoe angeweza kuwaambia wafiwa wavipeleke makaburini. Lakini wanaokwenda makaburini ni wanaume, na hakuona vipi atamkabidhi mtoto wa kiume vitambaa vilivyosafisha utupu wa mama yake. Angeweza kuvifukia kwake. Lakini mwanawe Anwar, muuza barafu pale sokoni, alikuwa amejenga vyumba vya kupangisha hadi ukutani, na uwanja uliobaki ameumwagia zege. Angeweza kumtafuta Felicitas na kumwuliza. Hakufanya lolote kati ya hayo.

Siku ya maziko, jeneza likishatoka, kichochoro hubaki kitupu. Wanaume wamekwenda kuzika, wanawake wako ndani. Mwosha hutoka wa mwisho, kwa mlango wa uani. Pale ukutani kilisimamishwa kipande cha nondo cha kamati. Bi Somoe alikichukua, akakipenyeza kwenye tundu la mfuniko, akaunyanyua upande mmoja wa chemba, akavitia vifuko. Maji yalikuwa yakipita chini kwa kasi. Vikaenda. Hapo hakuna mguu utakaovikanyaga, hakuna mbwa, hakuna mganga. Agizo la mama yake alikuwa amelitimiza. Sharti la jirani zake alikuwa amelivunja, na alilijua, maana neno vitambaa lilitajwa waziwazi mbele yake.

Mara ya kwanza alitazama nyuma mara kadhaa. Mara ya pili hakutazama nyuma. Baada ya hapo ikawa sehemu ya kazi, kama kukunja sanda. Makosa mengi yanakomaa namna hiyo, mkono ukishazoea.

Katika nyumba ya Mzee Sadallah alipanga Jovina, mwanamke wa Masasi aliyekuwa akifanya usafi katika hoteli moja ya ufukweni. Watu walimwita Mama Stephano, kwa jina la mwanawe aliyekuwa bado anatambaa. Baba wa mtoto hakuonekana, na kwa hilo tu mtaa ulikuwa umekwisha kumhukumu. Chumba chake kilikuwa kando ya choo cha wapangaji, kibovu kuliko vyote, lakini ndicho kilichomwezesha kuwa na kazi. Alitoka kwa miguu alfajiri akimwachia mtoto jirani, akarudi adhuhuri kumnyonyesha, akaenda tena. Akikaa mbali na hapo, kazi hana.

Alikuwa na mdomo wa utani, na ni yeye peke yake aliyethubutu kumtania Bi Somoe. Akikutana naye kichochoroni alikuwa akisimama kama anayepimwa nguo.

"Shikamoo bibi. Naona unanipima kwa macho."

"Marahaba. Wewe sikupimi, una watu wenu wa kukuosha."

"Aa, mie nikifa njoo tu. Padri simwambii."

Bi Somoe alikuwa akicheka, na ni watu wachache katika mtaa ule waliowahi kuyaona meno yake.

Masika ya mwaka jana bomba liliziba kwenye kona, chini kidogo ya nyumba ya Mzee Sadallah. Uchafu wa kichochoro kizima ulipokosa pa kwenda ulirudi, ukatokea katika choo kilicho chini kuliko vyote, ukajaza ushoroba wa wapangaji na kuingia chumbani kwa Jovina. Godoro lake lilikuwa sakafuni, maana kitanda hakuwa nacho. Alichota kwa ndoo siku nzima, na kadiri alivyochota jirani zake wa juu waliendelea kuvuta maji vyooni mwao. Mtoto akaanza kuharisha. Alilazwa, akapona, lakini alirudi amebaki macho tu.

Kamati ilimwita fundi wa kuzibua, jina lake Projestus. Alifungua chemba ya kona, akaingiza fito zake, akasukuma na kuvuta hadi kitu kikaachia. Alichokitoa kilikuwa kamba nene ya vitambaa vilivyosokotana, vyeusi, na pamba imeganda katikati. Alikilaza juu ya kiroba. Watu walizunguka, wanawake wameziba pua kwa kanga, wanaume kwa kola za mashati.

Bi Somoe alikuwepo. Kwenye ncha ya furushi kifuko kimoja kilikuwa kimejikunjua, na pindo lake lilipigwa mara mbili. Hakuhitaji kukisogelea. Upande wa pili wa kiroba alisimama Zubeda, mwanamke aliyekuwa akimsaidia kumimina maji kwa miaka mingi, na ambaye mama yake mzazi alikuwa amezikwa muda mfupi kabla ya mvua. Zubeda aliliona pindo. Akainua macho, yakakutana na ya Bi Somoe. Kisha alijitanda kanga vizuri akaondoka.

Fundi aliulizwa ni nini. Alisema ni vitambaa, zaidi ya hapo hajui. Mzee Sadallah aliligeuza furushi kwa fimbo yake, akauliza, bila kumtazama mtu, ni nyumba gani yenye mtoto mchanga. Watu wote waligeukia upande mmoja.

"Mie mwanangu simvishi pampasi," alisema Jovina. Alikuwa bado ameshika ndoo. "Pampasi nitazitoa wapi? Namvisha nepi za kitambaa, nafua, naanika. Nendeni mkaone, zote ziko kambani."

"Basi umejitaja mwenyewe," alisema mwanamke mmoja nyuma. "Kwani hivi si vitambaa?"

"Nepi gani ndogo namna hii? Za kumvisha paka?"

Wapo waliocheka, lakini kicheko hicho hakikumsaidia. Watu wenye harufu mbaya mlangoni wanataka mwenye kosa haraka, na mpangaji asiye na ndugu karibu anafaa kuliko wote. Hakuna aliyeuliza jambo dogo tu: mtu aliye chini kabisa ya mteremko atatupaje kitu kikazibe chini na yeye mwenyewe agharikishwe? Hakuna aliyevinyoosha vitambaa vile kuvitazama. Jirani waliomfahamu walisema labda hakujua. Mzee Sadallah akamwambia kwamba chumba chake anakihitaji, ahame mwezi ukiisha.

Bi Somoe alisimama pale mwanzo hadi mwisho. Neno moja tu lilitakiwa, na lilikuwa mdomoni mwake. Alijiambia, kama alivyosimulia baadaye, kwamba akilitoa atakuwa amewavua nguo marehemu mbele ya mtaa, kwa kuwa kila mtu atajua vitambaa vile vilipita wapi kabla ya kufika bombani. Alijiambia kwamba mwosha hasemi. Lakini mama yake alimfundisha kuficha kasoro za maiti. Hakumfundisha kuficha za kwake nyuma ya maiti. Hizo ni siri mbili tofauti kabisa, na mtu mzima wa umri wake alijua tofauti yake.

Furushi lilipelekwa jalalani. Kesho yake, akienda sokoni, Bi Somoe alimwona mbwa akivuta kipande cha bafta kando ya barabara, akitikisa kichwa huku na huku. Alisimama akamrushia jiwe, halikumfikia. Hicho ndicho hasa ambacho mama yake alikuwa akikiogopa, na kilikuwa kimetokea mchana kweupe, kwa mkono wake yeye.

Jioni hiyo Jovina alikuja mlangoni kwake, mtoto mgongoni. Hakuwa na utani. Alisema ameulizia vyumba pale karibu, na kila mwenye nyumba anamwambia kimejaa. Kilichobaki ni kwa wifi yake huko Bunju, na akihamia Bunju hotelini hataweza kuwahi wala kurudi adhuhuri kunyonyesha, na msimamizi amekwisha kumwonya mara moja.

"Bibi, wewe wanakusikiliza," alisema. "Waambie tu kwamba mie simo."

Bi Somoe alimwahidi kwamba atasema.

Alikwenda kwanza kwa Zubeda, kwa kuwa aliona yeye ndiye mwenye haki ya kujua kabla ya wengine. Walikaa jikoni. Hakufika hata katikati ya maneno. Zubeda alikuwa akichambua mchele, na hakuacha kuuchambua.

"Mama yangu nilimwosha na wewe," alisema Zubeda. "Nikamwona anatoka safi. Usije ukamrudisha kwenye matope, Bi Somoe. Wewe hukusema, na mie sikusikia."

"Na yule binti?"

"Yule atapata chumba kwingine. Mie mama mwingine nitampata wapi?"

Kutoka hapo alikwenda kwa Mzee Sadallah. Alimkuta barazani kwake, pale pale masharti yaliposomewa. Alianza kwa kusema kwamba vile vitambaa si vya Mama Stephano. Mzee Sadallah alinyanyua mkono. Hakuwa mtu mjinga, na nadhani alikuwa amekwisha kulielewa jambo lote kabla hajaambiwa.

"Bi Somoe. Marehemu mke wangu si ulimwosha wewe?"

"Nilimwosha mie."

"Baada ya bomba kuja?"

"Baada ya bomba kuja."

Alitazama mfuniko wa chemba ulio mbele ya nyumba yake.

"Basi ishia hapo hapo," alisema. "Usiendelee. Nakuomba kama dada yangu."

Naye aliishia hapo. Huyo ni mwenyekiti wa kamati, mtu wa safu ya mbele msikitini, aliyepewa ukweli mkononi na akaurudisha. Alijua mpangaji wake hana kosa. Alimfukuza hata hivyo, kwa sababu kumbakiza kungemlazimu kujibu ni nani basi, na jibu hilo lingepita kitandani kwa mke wake. Nimesikia watu wakimtetea kwa kusema alikuwa na uchungu. Uchungu hauhalalishi kumtwisha mtu mwingine mzigo usio wake.

Siku ya kuhama, Bi Somoe alimkuta Jovina akifunga mizigo kwa kamba nyuma ya bajaji. Vyombo vyote viliingia katika bajaji moja. Godoro halikuwepo, lilikuwa limetupwa. Bi Somoe alimwambia yote akiwa amesimama: ufuo, vifuko, nondo, chemba. Alimwambia kwa sauti ya kawaida, na dereva alisikia.

Jovina aliendelea kufunga mpaka fundo likakaza.

"Umewaambia?"

"Nimemwambia Zubeda, nikamwambia Sadallah. Hawakutaka kusikia."

"Basi mie unaniambia ili iweje?"

Bi Somoe alimsogelea. Alinyoosha mkono amguse mtoto kichwani, na Jovina akageuka kidogo tu, kiasi cha kumwondoa mtoto pale mkono ulipokuwa ukifika. Kisha akapanda. Habari zilizokuja baadaye ni kwamba ile kazi ya hotelini haikudumu hata mwezi. Yuko Bunju, anafulia watu nguo.

Wapo watakaosema hapo ndipo Bi Somoe alipopata adhabu yake. Haikuwa hivyo. Mtaa haukumwadhibu kabisa, na hilo ndilo lililomwinamisha. Baada ya wiki chache alifariki mama mmoja wa nyumba ya katikati, na binti yake, Yasmini, alikuja kugonga mlango kama watu walivyokuwa wakigonga siku zote. Bi Somoe alikwenda akaosha. Alipomaliza, jeneza limetoka, Yasmini aliingia bafuni na mfuko mweusi wa plastiki, akauweka chini karibu na vifuko. Alitazama mlango wa uani unaotokea kichochoroni, akamtazama Bi Somoe, akatoka.

Kumbe walikuwa wanajua. Zubeda alikuwa amemnong'oneza mtu, na mtu akamnong'oneza mwingine, na wote kwa pamoja walikuwa wameamua kwamba ni njia nzuri, maadamu haitajwi na maadamu yupo mtu wa Masasi wa kuitwa mwenye kosa. Mfuko wa plastiki ulikuwa msaada wao: vikifungwa vizuri vitateleza.

Bi Somoe alivitia vifuko ndani ya mfuko, akatoka nao kwa mlango wa uani. Nondo ilikuwa pale pale ukutani. Aliipita. Alikwenda na mfuko ule hadi nyumbani kwake mchana kweupe, katikati ya kichochoro.

Anwar aliporudi kutoka sokoni alisikia mgongano wa chuma chumbani kwa mama yake. Alimkuta amekisogeza kitanda ukutani, amepiga magoti, nyundo mkononi na tindo, anapasua sakafu. Kipande kizuri cha zege kilikuwa kimekwisha kung'oka, na chini yake ulionekana udongo mwekundu wenye vipande vya jiwe.

Anwar alimwuliza anafanya nini. Alijibu anachimba ufuo. Anwar alidhani mama yake amerukwa na akili. Alimwambia atatoboa bomba, wapangaji watakosa choo, kamati itakuja juu.

"Bomba halipiti huku," alisema Bi Somoe. "Nimemwuliza yule fundi aliyezibua. Linapita upande wa wapangaji, huku hakuna kitu."

"Umemwuliza lini?"

"Juzi."

Akaendelea kugonga. Zege lile lilikuwa limelala pale tangu kabla ya bomba, na fundi wa kumwuliza hakukosekana hata siku moja. Kazi hiyo ilimchukua mchana mmoja na mikono miwili ya mwanamke mzee. Yote yaliyompata Jovina yangezuilika kwa mchana mmoja kama ule. Sisemi hivi kumsimanga mwenyewe, maana mwenyewe hujisemea zaidi ya hapo. Nasema kwa ajili ya wanaopenda kudhani kwamba kutenda haki kunahitaji mtu mkubwa au nafasi kubwa.

Vifuko vya mama yake Yasmini viko humo, na vya wengine wawili waliofuata. Kitanda kimerudishwa mahali pake, naye hulala juu yake. Wapangaji wawili wa Anwar walipopata habari walihama. Misiba ya karibuni watu wamekwenda kumchukua mwosha mwingine Tegeta, kijana kidogo, asiyeuliza kitu, na mfuko mweusi unamsubiri bafuni. Mie sina shaka masika yajayo kona ile itaziba tena.

Mwezi uliopita nyumba mpya za upande wa juu zilikuwa zinajiunga na bomba, na mkutano uliitishwa barazani kwa Mzee Sadallah. Alisoma masharti mwenyewe, kwa sauti nzuri. Alipofika kwenye vitambaa alisimama kidogo, akawaeleza wageni kwamba si maneno matupu, kwani palikuwa na mpangaji mmoja, mama mwenye mtoto, aliyekuwa akitupa nepi za kitambaa, na mtaa mzima ukafurika.

Bi Somoe alikuwa amekaa nyuma, karibu na mlango. Alisimama.

"Si yule," alisema. "Ilikuwa mie. Na vilikuwa vifuko vya kuoshea maiti."

Wageni walitazamana. Zubeda aliinamisha kichwa akawa anakunja ncha ya kanga. Mwanamke mmoja alimshika Bi Somoe mkono kwa upole, kama mtu anavyomshika mzee aliyeanza kusahau, akamwambia kaa, bibi, umechoka. Hakukaa. Alisubiri, na sie tukasubiri pamoja naye, mpaka ikawa dhahiri kwamba hakuna atakayeuliza swali.

Mzee Sadallah alifunua ukurasa, akaendelea na habari ya maji ya mvua.